Ekseli ya Mbele: Kukaza Si Nguvu, Ni Kipimo

Kurasini ni mtaa wa bandari. Kuna gati la mafuta na matangi yake makubwa, kuna malori yasiyokwisha, na kuna mkono wa bahari wenye mikoko, ambao tangu mwaka 2016 huvukwa kwa Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni. Katikati ya mambo hayo makubwa zimo pia gereji ndogo zisizo na ukuta wala bango, ambazo paa lake ni mwarobaini. Katika mojawapo ya gereji hizo ndipo mimi, mwenye shahada ya udaktari niliyoisomea ng'ambo, nilipofundishwa maana ya neno "kukaza".

Kisa chenyewe kilianza kwa kosa langu. Nina Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1980, na siku moja niligundua kwamba gurudumu lake la mbele la kushoto linacheza. Nililiinua gari kwa jeki, nikafungua habu, nikaikaza nati ya beringi kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likaacha kucheza, nami nikaridhika. Siku iliyofuata niliwapakia wanafunzi wanne kwa safari ya mafunzo kuelekea Rufiji. Kabla hatujafika Mkuranga tulisikia harufu ya grisi inayoungua. Niliposhuka na kuikaribia habu, joto lake lilinirudisha nyuma. Baadaye tulipoifungua, beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, ishara ya chuma kilichopata moto kupita kiasi. Kama tungeendelea na safari, gurudumu lingeweza kuchomoka gari likiwa mwendoni, na watoto wa watu wamo ndani.

Ndipo nikaenda Kurasini. Baada ya shikamoo na marahaba, fundi mzee aliishika ile beringi, akaizungusha kidoleni, akaniuliza, "Mwalimu, uliikaza kwa kilo ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeikaza kwa mkono tu.

Makala haya ni jibu la swali hilo. Shabaha yake ni kuwaonyesha walimu na wanafunzi kwamba ndani ya ekseli chakavu imo sehemu kubwa ya fizikia ya sekondari, na kwamba asiyeiheshimu fizikia hiyo huhatarisha maisha.

Ekseli moja, kazi tatu

Ekseli ya nyuma hubeba uzito na kusukuma. Ekseli ya mbele ya gari linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma hubeba uzito na kukata kona. Lakini ekseli ya mbele ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne yapaswa kufanya yote matatu kwa pamoja. Hapo ndipo penye fumbo. Shafti inayotoka kwenye difu imelala sawa, haiendi kulia wala kushoto. Bali gurudumu hugeuka kufuata usukani. Je, mzunguko utapitaje mahali palipopinda?

Katika Land Rover nyingi za zamani jibu ni kiungo cha msalaba, sawa na kile kinachoonekana chini ya malori kwenye propela shafti. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alikieleza kiungo cha namna hiyo katika karne ya 17. Udhaifu wake ni wa kijiometria. Shafti ya kwanza ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, shafti ya pili, iliyopinda, haizunguki hivyo: huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kasi yake ya chini hupatikana kwa kuzidisha kasi ya shafti ya kwanza kwa kosaini ya pembe ya mpindo. Kasi yake ya juu hupatikana kwa kuigawa kwa kosaini hiyo hiyo. Tuseme shafti ya kwanza inazunguka mara 100 kwa dakika na pembe ni nyuzi 30, ambayo kosaini yake ni 0.866. Basi shafti ya pili itayumba kati ya 87 na 115. Dereva huyasikia mabadiliko hayo mikononi mwake anapokata kona kali. Kwenye tope yanavumilika, kwa kuwa tairi huteleza kidogo. Kwenye lami ni mateso.

Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa alibuni kiungo kinachoondoa kasoro hiyo. Ndani yake mna gololi sita za chuma zinazokwenda katika mifereji iliyopinda. Ufundi wake ni huu: shafti zipinde kwa pembe yoyote iliyo katika uwezo wa kiungo, gololi hubaki daima katika bapa linaloigawa pembe hiyo nusu kwa nusu. Kwa kuwa pande zote mbili zinalingana kama uso na sura yake katika kioo, kasi ya kuingia na ya kutoka huwa sawa. Viungo vya ukoo huo ndivyo vilivyomo katika Land Cruiser yangu, vimefichwa ndani ya tufe la chuma kwenye kila ncha ya ekseli. Kifundo cha usukani hulizunguka tufe hilo kama vile nyonga inavyozunguka katika kikombe chake.

Habu inavyokunywa maji

Ndani ya ekseli mna vilainisho viwili visivyopaswa kuonana. Katika difu mna oili. Katika tufe mna grisi nzito. Mpaka wao ni sili moja ya mpira iliyoikumbatia shafti. Sili hiyo ikichakaa, oili hupenya na kuichuja grisi mpaka ikawa uji mwembamba mweusi, unaovuja na kushuka kwenye upande wa ndani wa tairi. Mwenye gari aonaye michirizi hiyo asidhani ni uchafu wa barabara, kwa maana ni ripoti ya daktari.

Adui mwingine ni maji. Tuchukue gari lililotoka mwendo mrefu, hewa iliyomo ndani ya habu ikiwa na jotoridi la nyuzi 70 za Selsiasi, yaani 343 za Kelvini. Gari likaingia ghafla katika maji ya mafuriko, na hewa ile ikapoa hadi nyuzi 30, yaani 303 za Kelvini. Kama hewa haina pa kupitia, kanieneo lake litashuka hadi 303 gawanya kwa 343, yaani hadi asilimia 88 hivi ya lilivyokuwa. Kanieneo la nje sasa limezidi la ndani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na sili iliyochoka haiwezi kulizuia. Habu hunywa maji. Ndiyo sababu ekseli huwekewa tundu la kupumulia, na ndiyo sababu tundu hilo likizibwa na tope hasara hufuata. Maji yakiwa ya chumvi, kama yale ya mkono wa bahari wa Kurasini, kutu huja upesi zaidi, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka hurahisisha mwendo wa umeme unaoandamana na kuliwa kwa chuma.

Kulegea na kukaza

Gurudumu huzunguka juu ya beringi mbili zenye vigogo vidogo vya umbo la koni iliyokatwa ncha. Umbo hilo huziwezesha kubeba uzito wa gari kutoka juu na msukumo wa kona kutoka ubavuni. Lakini lina sharti moja: vigogo hivyo lazima vibanwe kidogo tu ndani ya vikombe vyake.

Beringi ikilegea, uzito wote hubebwa na vigogo vichache, navyo huugonga uso wa kikombe kila barabara inapokuwa na shimo, mpaka uso huo ukapata vishimo kama wa mgonjwa wa ndui. Ikikazwa mno, msuguano huleta joto, joto huilegeza grisi ikatiririka, na grisi ikitoweka msuguano huongezeka tena. Ni duara linalojilisha lenyewe. Tena tunazungumza juu ya nafasi ndogo sana: kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 60 kikiongezewa joto la nyuzi 50 hurefuka kwa milimita 0.036 hivi, yapata nusu ya unene wa unywele. Mkono wa mwanadamu, hata ukiwa wa profesa, hauwezi kukisia kiasi hicho kwa kuvuta spana.

Fundi alipima kwa mizani ya springi, ile ile iliyomo katika maabara zetu za shule. Alikaza nati huku akiizungusha habu ili vigogo vikae mahali pake, akailegeza, kisha akaikaza tena kidogo kidogo. Ndipo alipokinasa kikulabu cha mizani kwenye bolti mojawapo ya gurudumu na kuvuta polepole, akisoma kilo zinazotosha kuianzisha habu kuzunguka. Tuseme mizani ilisoma kilo 4. Hiyo ni kani ya nyutoni 39 hivi. Bolti iko umbali wa mita 0.07 kutoka katikati, kwa hiyo momenti ya msuguano ni 39 mara 0.07, yaani nyutonimita 2.7. Kiwango kinachotakiwa kwa kila gari kimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, nacho ndicho cha kufuatwa.

Kazi yenyewe kwa ufupi

Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya vigingi imara. Asithubutu mtu kufanya kazi chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwani huenda lina asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Habu, kifundo na kiungo hutolewa kwa zamu, na kila kipande huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaguliwa mwangani. Chenye vishimo, ufa au rangi ya buluu hakirudi. Sili zote hubadilishwa.

Juu na chini ya kifundo mna visahani vyembamba vya chuma, vingine vyenye unene wa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Mwanagenzi asivichanganye. Kazi yake si kubana beringi za kifundo tu, bali pia kukiweka kifundo katika kimo chake sahihi kuuelekea mstari wa shafti. Hapa pia mizani ya springi hutumika, safari hii ikivuta ncha ya mkono wa usukani. Beringi hizo zikilegea, magurudumu huweza kuanza kutetemeka ghafla hata dereva akashindwa kuushika usukani.

Mwisho, grisi na oili chafu hazimwagwi chini. Katika mtaa ambao mifereji yake hushuka kwenye mikoko, kinachomwagwa gerejini leo ni sumu ya kaa na samaki kesho.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na Land Cruiser haikosi baiskeli. Geuza baiskeli juu chini, ukazungushe gurudumu la mbele kwa msukumo ulio sawa kila mara, upime sekunde linazochukua kusimama. Kaza koni ya beringi kwa robo ya mzunguko, rudia. Kisha ilegeze kwa hatua hizo hizo, ukiangalia pia ni lini gurudumu linaanza kucheza ubavuni. Wanafunzi wachore grafu ya muda dhidi ya mizunguko ya koni, kisha waeleze ni mahali gani katika grafu hiyo fundi mwangalifu angesimama, na kwa nini.

Sisi tuliondoka Kurasini jioni ya siku ya pili. Baada ya kilomita 15 tulisimama, kama fundi alivyoagiza, tukaweka viganja juu ya habu zote mbili. Zilikuwa na uvuguvugu tu, na zilifanana. Juma lililofuata wanafunzi wale wale wanne walifika Rufiji. Katika sanduku la vifaa vya gari langu sasa imo mizani ya springi, na walimu wenzangu wa fizikia wanakaribishwa kuiazima.