Thamani ya Piano ya Dijitali Iko Mgongoni

Anayenunua piano ya dijitali, awe Gitega, Muyinga au kwingineko, huikagua kwa mbele. Hubonyeza noti mbili tatu, husikiliza sauti, hutazama kama vibonyezo vimetimia 88, kisha huuliza bei. Wachache huigeuza na kuangalia matundu yaliyo nyuma. Nashikilia kwamba huko nyuma ndiko kwenye faida kubwa zaidi kwa kwaya, shule na vikundi vya muziki vya Burundi, kwa sababu kupitia MIDI, utaratibu wa ala za umeme kutumiana amri, piano moja inaweza kuziamrisha ala nyingine zenye utaratibu huo, ziwe za kampuni yoyote na za umri wowote. Mahali ambapo ala ni chache na ghali, na kila moja imetoka kiwanda chake, uwezo huo unafaa kuliko mamia ya sauti zilizorundikwa ndani ya ala moja.

Kuelewana huko hakukuja hivi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila mtengenezaji wa vinanda vya umeme alikuwa na njia yake, na mara nyingi ala ya kampuni moja haikuielewa ya kampuni nyingine. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, na Dave Smith wa Sequential Circuits ya Marekani waliwavuta washindani wao wakubaliane juu ya utaratibu mmoja, yaani MIDI. Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland mbele ya watu, na kimoja kilipopigwa kingine kikaitika. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi. Uzito wa historia hii kwa mnunuzi wa leo ni huu: kinanda cha 1984 chenye tundu la MIDI bado kinaelewana na piano yenye tundu hilo iliyotoka kiwandani juzi. Hata toleo jipya, MIDI 2.0 la mwaka 2020, lilitengenezwa lisiziache nyuma ala za zamani.

Wengi hudhani kwamba waya wa MIDI hupitisha sauti. Haupitishi hata chembe. Mpigaji anapobonyeza do ya katikati kwa nguvu ya wastani, piano hutuma namba tatu: 144, yaani noti imeanza katika chaneli ya kwanza, 60, ambayo ni namba ya do hiyo, na 64, inayoeleza kidole kimeshuka kwa nguvu gani katika kipimo kinachoishia 127. Akiachia, ujumbe mwingine husema noti imekwisha. Sauti huundwa na ala inayopokea, ndiyo maana namba hizohizo zinaweza kutoka kama ogani, filimbi au zeze. Ndiyo maana pia ala inayopokea lazima iwe na spika yake, au waya wake wa sauti unaokwenda kwenye mikisa. Anayelisahau hilo ataulaumu waya wa MIDI ambao ni mzima kabisa.

Mantiki ya kuunganisha si ngeni kwa watu wa Gitega. Katika ngoma za Gishora, nje kidogo ya mji, inkiranya iliyo katikati ndiyo huongoza, amashakwe hushikilia mapigo yasiyokatika, na ibishikizo hufuata mwelekeo wa inkiranya. Kwenye MIDI nako lazima kwanza iamuliwe nani anaongoza na nani anafuata. Waya hutoka kwenye tundu la piano lililoandikwa OUT na kuingia IN ya kinanda cha pili. Kikiwapo cha tatu, waya mwingine hutoka THRU ya kile cha pili, tundu linalorudia kila kilichopokelewa bila kuongeza neno, na kuingia IN ya cha tatu. Waya wenyewe usizidi mita 15. Kisha chaneli zipangwe. Ziko 16, na kwa kawaida anayepokea husikia pale tu anapowekwa kwenye chaneli ileile ya anayetuma. Ala nyingi zinazofuata utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991 zimetenga chaneli ya 10 kwa ngoma, kwa hiyo wimbo ukielekezwa huko kwa makosa, kila noti itatoka kama kishindo au toazi.

Mtego mkubwa siku hizi ni USB. Piano nyingi mpya hazina tena lile tundu la duara lenye pini tano. Zina tundu la USB peke yake. Matundu ya pini tano huunganisha ala kwa ala moja kwa moja, lakini USB hudai kuwepo na mwenyeji mmoja wa kuusimamia mtandao, ambaye kwa kawaida ni kompyuta au simu. Piano mbili zenye matundu ya aina hiyo zikiunganishwa kwa waya wa USB hazitasema chochote, hata kama waya ni wa bei kubwa. Katikati panahitajika kompyuta, simu janja yenye adapta (Android inaikubali MIDI tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015), au kisanduku maalumu cha kupokea na kugawa ujumbe. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye kinanda cha zamani nyumbani au kanisani aulize kuhusu pini tano kabla hajalipa.

Mwanamuziki makini atauliza: je, ujumbe hauchelewi? Hesabu inajibu. MIDI ya pini tano husafirisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo noti moja huchukua karibu milisekunde moja, na vidole vyote kumi vikishuka pamoja havifikishi milisekunde kumi. Kwa muda huo sauti hewani husafiri mita tatu na ushee tu. Mwimbaji aliyesimama mita tano kutoka kwenye spika anacheleweshwa zaidi na hewa kuliko na MIDI. Ucheleweshaji unaokera kweli huzaliwa ndani ya simu au kompyuta inapotengeneza sauti, na huzidi sana spika ikiwa ya bluetooth. Dawa yake ni spika ya waya.

Pingamizi zito zaidi ni la utamaduni. MIDI ilibuniwa na watu wa vinanda, wenye hatua 12 zilizolingana, ilhali nyuzi za inanga hazipangwi hivyo, na ngoma ya Burundi, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2014, ni mwili, dansi na ushairi kwa pamoja. Hofu hii ina msingi. Ngoma zilizorekodiwa Burundi katika miaka ya 1960 zilitandikiwa gitaa na kinanda huko Ulaya, zikatoka mwaka 1971 kwa jina la Burundi Black. Lakini tuangalie kilichochukuliwa pale: ilikuwa sauti iliyonaswa kwenye utepe, zaidi ya miaka 12 kabla ya MIDI kuzaliwa. MIDI hubeba amri za vidole vya yule anayepiga, haibebi sauti ya mtu mwingine. Ibaki basi kwenye kazi za vinanda, na ngoma na inanga zipigwe na wenyewe, papo hapo, kando ya piano.

Wapo watakaosema kwamba umeme hukatika na fedha ni haba, hivyo anasa hii isubiri. Uhaba ndio hasa unaoitetea. Dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10, ilhali wimbo mzima uliohifadhiwa kama amri za MIDI huwa kilobaiti chache au makumi machache. Mpiga kinanda wa Gitega anaweza kurekodi sauti nne za wimbo, kila moja kwenye chaneli yake, akautuma kwa simu hadi Muyinga bila kumaliza bando. Kwaya ya huko itaupunguza kasi, itashusha ufunguo kwa ajili ya besi, itanyamazisha soprano ili alto wajifunze peke yao. Rekodi ya kawaida hairuhusu kazi hiyo kwa wepesi namna hii. Nacho kinanda chakavu ambacho vibonyezo vyake vimekufa, lakini sauti zake bado nzuri, hurudi kazini kikiamrishwa na piano mpya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla kamati ya kwaya yako haijapitisha michango ya ala mpya, ulizeni mambo matatu: piano hiyo ina matundu gani nyuma, yanaelewana na ala mlizonazo, na nani atafundishwa kupanga chaneli. Piano isiyoweza kuzungumza na wenzake, hata ikiwa na sauti tamu, isinunuliwe kwa fedha ya jumuiya.