Mafungu saba ya nyanya na daftari la darasa la tatu

Mteja aliyekuwa mbele yangu alitaka mafungu saba. Mtoto aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya meza ya mama yake, alipitisha kidole juu ya nyanya akihesabu kwa sauti. "Mawili buku. Manne buku mbili. Sita buku tatu. Saba, buku tatu na jero." Mteja akatoa noti ya Sh10,000. Mtoto akarudisha chenji kwa kupanda: mia tano ili ifike elfu nne, buku ili ifike elfu tano, kisha noti nzima ya elfu tano. Jumla Sh6,500, na mama yake hakugeuka hata kuhakiki. Alikuwa anachambua tenga.

Juu ya tenga jingine lililokwisha kulikuwa na daftari la mraba lenye jalada la gazeti. Nililifungua kwa ruhusa. Katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wa mtoto huyohuyo, kulikuwa na swali 6 × 50, jibu 56, na mkasi mkubwa mwekundu umepita juu yake.

Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Nilinunua nyanya nikaondoka, lakini ile 56 iliendelea kunisumbua. Mtoto anayejua kwamba mafungu saba ya mia tano ni elfu tatu na mia tano anakosaje sita mara hamsini? Nikarudi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kumuuliza mama yake.

Meza yake haiko ndani ya jengo jipya lililojengwa baada ya soko la zamani kuungua mwaka 2006. Iko nje, upande wanakoshusha mizigo, mahali ambapo bajaji na mikokoteni hupishana kwa kelele. Ameomba nisiandike jina lake kwa ajili ya watoto. Ni Mnyakyusa wa Rungwe, alimaliza darasa la saba akaishia hapo, na amelea watoto watatu kwa nyanya na vitunguu. Nilipomwonyesha ile 56 hakushangaa. Alikuwa ameshaiona, na alikuwa ameshajua kosa liko wapi kabla yangu na, naamini, kabla ya mwalimu.

"Alikuwa anaona jumlisha iliyolala upande," alisema. "Sita na hamsini, hamsini na sita. Hesabu anaijua kaka yangu, ile alama ndiyo hajatambulishwa."

Ili kumwelewa inabidi kwanza kulielewa fungu, na fungu si jambo dogo kama linavyoonekana kwa sisi tunaoinama, tunachagua na kuondoka. Nyanya zikifika, nyingi zikitoka Ilula, mkoani Iringa, humwagwa kwenye kiroba na kuchambuliwa: kubwa, za kati, ndogo, na masalo yatakayouzwa jioni kwa mama lishe. Kisha hupangwa, tatu chini na moja juu, ile nzuri zaidi ikikaa juu. Hilo ni fungu la jero. Nyanya zikiwa nyingi sokoni, fungu huwa na tano, hata sita. Zikiadimika, zinabaki tatu. Bei haiguswi kabisa. Mteja amezoea kutoa mia tano, atatoa mia tano; kinachopanda na kushuka ni idadi ya nyanya.

Maana yake ni kwamba kila tenga linapofunguliwa kuna swali, na mama huyu haliamui peke yake. Anamuuliza mtoto. Alinipa mfano wa tenga lenye nyanya kama 400, lililomgharimu Sh42,000. Tukipanga tano tano, tutapata mafungu mangapi? Themanini. Kila moja jero, ni shilingi ngapi? Arobaini elfu. Hapo mtoto hutikisa kichwa, kwa sababu mtaji haujarudi. Tukipanga nne nne? Mafungu mia moja, elfu hamsini. Inabaki elfu nane, na humo kuna ushuru, kuna bajaji, kuna nyanya zitakazopasuka na kuna nyongeza ya wateja. Mtoto wa miaka tisa anafanya kugawanya, kuzidisha na kutoa katika swali moja, hana kalamu, na anajua jibu lina maana gani kwa chakula cha jioni.

Zoezi hili lilianza na kaka yake mkubwa. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya corona, watoto walikaa nyumbani hadi mwisho wa Juni. Masomo yalipitishwa redioni na kwenye televisheni, ila mama anayetoka gizani kuwahi matenga hawezi kumwacha mtoto mbele ya televisheni ya jirani siku nzima. Akaja naye sokoni. Ndipo alipogundua kwamba maswali ya shule na maswali ya mezani kwake ni yaleyale, yamevaa nguo tofauti.

Ugunduzi huo ungeweza kuishia kwenye kujisifia kwamba mwanangu ana akili ya biashara. Yeye alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba hesabu ya mdomoni haiingii yenyewe kwenye daftari. Lazima mtu aivushe. Anavyoivusha ndicho kitu nilichokaa nikikitazama kwa muda mrefu kuliko vyote.

Hukata boksi la sabuni, upande wa ndani usio na maandishi. Kwanza mtoto hupanga nyanya zenyewe. Kisha nyanya zinaondolewa na mahali pake huwekwa vizibo vya soda, kwa idadi ileile. Kisha vizibo vinaondolewa na mtoto huchora duara kwa maka peni kila kilipokuwa kizibo. Kisha duara zinazungushiwa mstari, fungu kwa fungu, na chini ya kila fungu inaandikwa namba. Mwisho kabisa, pembeni, ndipo inapoandikwa ile sentensi ya kishule yenye alama yake. Siku niliyokaa nao, mama alimwandikia 6 × 50 bila kumkumbusha kosa lake la daftarini. "Haya, hapa una mafungu mangapi?" Sita. "Kila moja lina nini?" Hamsini. Mtoto akajibu mia tatu kabla hajachora hata duara moja. Akaambiwa achore hivyohivyo.

"Nikimwachia jibu la haraka, mwalimu atasema ameiga," mama alinieleza. "Lazima aonyeshe alikopita."

Hakuna aliyemfundisha utaratibu huo wa nyanya, kizibo, duara, namba, alama. Walimu wa madarasa ya awali wataufahamu, kwa sababu ndivyo wanavyoelekezwa: kutoka kwenye kitu kinachoshikika kwenda kwenye picha, kutoka kwenye picha kwenda kwenye tarakimu. Tofauti ni kwamba darasa lililokusudiwa kuwa na wanafunzi 45 mara nyingi lina zaidi ya hao, hasa tangu ada ilipofutwa Januari 2016 na watoto wakajaa shuleni, jambo jema lililokuja na uzito wake. Mwalimu wa darasa kama hilo atapata wapi dakika za kukaa na mtoto mmoja mpaka ajue kwamba tatizo lake ni alama na si hesabu? Simlaumu. Ule mkasi mwekundu ulipigwa na mtu mwenye rundo la madaftari mbele yake.

Pengo hili kati ya hesabu ya mdomoni na ya daftarini limewahi kupimwa, mbali na hapa. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona Recife, Brazil, kwa watoto watano wauzaji wa mitaani wenye umri wa kati ya miaka 9 na 15. Waliwauliza hesabu kama wateja, wakiwa kazini kwao: majibu sahihi yalikuwa asilimia 98. Baadaye wakawapa hesabu zenye namba zilezile katika maswali ya maneno, ikashuka hadi 74. Walipowapa tarakimu tupu na alama, ikabaki 37. Mmoja wao, muuza nazi wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi kwa cruzeiro 35 kila moja. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tulivyofundishwa. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine ni 210, akaendelea kujumlisha hivyo mpaka 350. Soma tena hesabu ya mafungu saba hapo juu. Ni njia ileile, ng'ambo ya bahari.

Recife ndiko alikozaliwa mwanafalsafa wa elimu Paulo Freire, aliyefika nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania ikiendesha kampeni kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Na hapa sisi tuna historia tuliyoisahau haraka mno. Mradi wa elimu yenye manufaa ulioanza kanda ya ziwa mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, Mwanza ikiwa makao yake, uliandaa vitabu vya kujifunzia kusoma kwa kufuata kazi ya msomaji: pamba kwa mkulima wa pamba, uvuvi kwa mvuvi, ndizi, ng'ombe, mambo ya nyumbani. Mtu alijifunza silabi na mizani kwa pamoja. Tulifanya hivyo kwa wazee. Sielewi kwa nini mtoto wa Mwanjelwa afungue kitabu cha hesabu asikute hata fungu moja la nyanya.

Kwenye kusoma, mama huyu ana silaha chache zaidi, na hafichi. Yeye mwenyewe husoma polepole. Binti yake mdogo yuko darasa la kwanza, na maandishi yanayomzunguka ni yale ya viroba, maboksi ya sabuni, mifuko ya saruji ya Tembo na migongo ya bajaji. Anayasoma yote. Darasani kwanza ni sauti za herufi. Nyumbani mama hushikilia ba, be, bi, bo, bu aliyolelewa nayo, na mtoto anabeba njia zote mbili bila ugomvi.

Kitabu chake hasa ni simu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, binti huitwa. Mama huufunika kwa kidole gumba na kuufungua silabi kwa silabi: i, me, thi, bi, ti. Kwenye "shwa" huwa wanasimama. Herufi mbili za sauti moja, kisha w, kwa mdomo usio na meno mawili ya mbele, ni mlima. Akivuka hapo, husoma kiasi na jina la mtumaji, kisha mama huhakiki salio. Na kuna somo jingine ndani yake. Kila mwenye simu nchini ameshapokea ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Binti amefundishwa kuusoma mpaka mwisho na kuuliza: hela gani? Wapo watu wazima waliofilisiwa kwa kutouliza swali hilo.

Ila ujumbe wa muamala hauna sungura wala fisi. Nilimuuliza binti hadithi ipi aliyoisoma mwenyewe anaipenda. Alimtazama mama yake. Tangu mwaka 2010 tathmini za Uwezo zimepita nyumba kwa nyumba zikiwapima watoto silabi, maneno, aya na hadithi, na zile za mwanzo zilionyesha wengi wa darasa la tatu wakikwama kwenye hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtu hufikaje kwenye hadithi kama hajawahi kushika hadithi? Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo Tanzania tangu 1991, na hapa mjini kuna maktaba ya mkoa. Kutoka kwenye meza ya nyanya mpaka kwenye rafu ya maktaba kuna nauli, kuna saa za kufungua, na kuna mama asiyeweza kuacha biashara.

Nilimuuliza pia swali ambalo nilijua halitampendeza: mtoto anacheza saa ngapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka 14 kuwa mwanzo wa kazi nyepesi. Alinyamaza, akapanga upya fungu lililokuwa limekaa sawa. Kisha akasema Jumamosi tu ndiyo mtoto anashinda hapa, siku za shule anakuja baada ya masomo kwa kuwa nyumbani hakuna mtu mzima, na kukaa naye mezani ndiyo tuisheni anayoweza kuilipia. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtoto anayejua chenji vizuri kiasi hiki ni msaada mkubwa mezani, na msaada mkubwa ni vigumu kuuachia ukacheze mpira. Sijui mstari upite wapi kati ya kumfundisha na kumtumia, na sidhani kama yeye anaujua.

Kinachomtia wasiwasi yeye ni upimaji wa darasa la nne, mwakani. Kugawanya kwa njia ndefu mwenyewe hakumbuki tena. Siku niliyoaga walikuwa kwenye boksi na swali la nyumbani, 30 ÷ 4. Mtoto alichora duara thelathini, akazungushia nne nne, akapata mafungu saba, zikabaki nyanya mbili. Mama akamuuliza hizo mbili zinakwenda wapi. Mtoto alijibu kama mfanyabiashara, na kabla hajazuiwa alikuwa ameshaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino: 7, nyongeza 2.

Mama alitaka kulifuta neno hilo, akasita. Aliniuliza mimi kama mwalimu atampa vema. Nilimwambia shuleni huandikwa "baki". Akasema hilo analijua; alichouliza ni kama atampa vema. Madaftari yanakusanywa Jumatatu.