Nyumba ya Kikundi Ikishika Moto, Watu Watatokea Wapi?

Vikundi vingi tunavyovitembelea vimetoka kwenye kuku na michango ya mzunguko, vimeingia kwenye ploti. Vinajenga maduka mawili matatu yanayotazama barabara, na vyumba vya kukodisha nyuma. Ni hatua kubwa, hongera. Lakini tukikaa nao mkutanoni na kuuliza, "Moto ukianza dukani usiku, wapangaji wa nyuma watatokea wapi?" watu hutazamana. Mara nyingi jibu ni moja tu: kwa geti la mbele, pale pale penye moto.

Tunaelewa mambo haya yalianzia wapi. Wezi wapo, hata ofisi yetu imewahi kuvunjwa. Kwa hiyo fundi akija, jambo la kwanza anaambiwa ni kutia grili kila dirisha, halafu geti la chuma na kufuli kubwa. Usiku keateka anafunga, anaenda kulala na ufunguo. Mwizi amezuiwa, ndiyo. Na waliomo ndani nao wamezuiwa.

Jambo hili nchi yetu imeliona kwa uchungu. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa usiku na wanafunzi 67 wakafa. Moto ule uliwashwa kwa petroli. Lakini mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama wa shule: madirisha ya bweni yasiwe na grili, na milango ifunguke kwa nje. Mwongozo huo ni wa shule, si wa ploti, lakini mapafu ya mpangaji ni kama ya mwanafunzi.

Tunasema mapafu kwa sababu moshi ndio hutangulia kuua. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake una sumu na hujaza chumba kidogo kwa dakika chache; aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Moshi hupanda juu, hivyo hewa iliyo afadhali iko karibu na sakafu. Mtu atambae, na akishatoka aufunge mlango nyuma yake ili moto ucheleweshwe.

Sasa tazameni juu. Kwenye nyumba za mstari, mafundi wengine huishiza ukuta wa katikati pale kwenye dari ili kuokoa matofali. Moto wa chumba cha kwanza hupita juu ya dari hadi chumba cha mwisho, na watu wa huko bado wamelala. Mwambieni fundi apandishe ukuta mpaka ukutane na mabati. Matofali hayo machache msiyaonee uchungu.

Kama bado hamjachimba msingi, chukueni kamba na vigingi, mchore nyumba yote chini. Kila mwanachama asimame mahali pa chumba, kisha atafute njia mbili za kutoka, zisizopitia mahali pamoja. Mkikosa ya pili, badilisheni ramani sasa. Kamba haina gharama. Kama nyumba imekwisha, fundi wa kuchomelea anaweza kukata grili moja kila chumba, aitie bawaba na komeo la ndani, mbali na mkono wa mtu wa nje. Geti la nyuma nalo liwe na komeo la ndani, bila kufuli. Na ule ujia wa katikati si stoo ya pikipiki wala mitungi ya gesi.

Dukani, petroli ya kuuza kwa chupa isikae kabisa. Fyuzi ikikatika, isiungwe kwa kipande cha waya. Imekatika ili iwaokoe. Kwa mwenye kibanda cha chipsi, mafuta yakiwaka asimwage maji, yataruka na moto. Azime jiko, afunike karai kwa mfuniko, na aliache lipoe bila kuchungulia.

Tangu Katiba ya 2010, kuzima moto ni kazi ya kaunti. Pigeni 999 au 112, lakini gari likiwa mjini na ninyi mko kijijini, wa kuwatoa watu ni ninyi. Chagueni mti au jiwe la kukutania, na mtu wa kuhesabu. Andikeni ni nani atamtoa nyanya asiyeweza kutembea, na nani atambeba mtoto wa jirani aliye zamu ya usiku. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mahali pa kazi pafanye zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka. Ploti yenu ifanye vivyo hivyo. Zoezi la kwanza lifanyeni mchana. La pili liwe usiku, stima ikiwa imezimwa, ndipo mtajua kama komeo la geti la nyuma linapatikana gizani.