Mashine ya ndevu: bei si ile ya kwenye boksi peke yake

Mpenzi msikilizaji, juma hili tuzungumzie jambo ambalo wanaume wengi hulifanya mbele ya kioo lakini ni nadra kulisikia redioni, nalo ni kunyoa ndevu. Siku hizi mashine za umeme za kunyolea zimejaa madukani, na hata wamachinga hutembea nazo mikononi pamoja na saa na vitana. Mtu huiona mashine inang'aa, boksi lina picha ya kijana mwenye kidevu laini kama yai, akatoa fedha na kwenda zake. Baada ya mwezi mashine imekufa. Au mashine ni nzima kabisa, lakini shingo ya mwenyewe imejaa vipele. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mtu mwenye kipato cha kawaida achague vipi?

Kwanza tuzijue aina zake. Mmarekani Jacob Schick alianza kuuza mashine ya kunyolea bila maji wala sabuni mwaka 1931, na mwaka 1939 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikatoa yake yenye kisu kinachozunguka. Leo ukiingia dukani utakuta aina tatu kubwa.

Aina ya kwanza ina wavu mwembamba wa chuma kichwani. Ndevu huingia katika vitundu vya wavu huo, na visu vilivyo chini yake huzikata kwa kwenda huku na huko. Aina ya pili ina vichwa vya duara, mara nyingi vitatu, na visu vyake huzunguka. Hizi mbili hukata karibu kabisa na ngozi. Hufanya kazi vizuri ndevu zikiwa za siku moja au mbili, lakini zikikutana na ndevu ndefu hukwama na kuzivuta. Aina ya tatu ni ile yenye meno kama kitana, yaani ndugu mdogo wa mashine ya kinyozi. Hii haifanyi kidevu kuwa laini, bali huacha kivuli cha ndevu.

Wengi wetu tukiambiwa hivyo tutakimbilia zile mbili za mwanzo, kwa kuwa tunaamini kunyoa vizuri ni kunyoa hadi mizizi. Hapo ndipo pa kuwa waangalifu, hasa sisi Waafrika. Ndevu zetu nyingi zimejikunja. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana, ncha yake hubaki kali kama mwiba. Unapoota tena haunyooki kwenda nje, bali hujipinda na kuchoma ngozi. Mwili nao huuona kuwa ni mgeni na kuanza kupigana nao. Matokeo yake ni vile vipele vya shingoni na chini ya taya, vinavyowasha, wakati mwingine vinatunga usaha, na vikipona huacha madoa meusi. Kwa baadhi ya watu huacha makovu yaliyovimba.

Mtu wa namna hiyo akinunua mashine ya bei kubwa inayojisifu kuwa inanyoa kuliko wembe, atakuwa amenunua maradhi kwa fedha zake. Kinachomfaa ni ile ya meno, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Aiache ndevu yenye urefu wa milimita moja hivi, asivute ngozi wakati wa kunyoa, wala asirudie mahali pamoja mara nyingi. Vipele vikizidi, aache kunyoa kwa majuma kadhaa na amwone daktari wa ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka, au ambaye hajawahi kusumbuliwa na vipele, yeye anaweza kuchagua ya wavu au ya duara. Lakini aipe ngozi yake majuma mawili matatu kuizoea kabla ya kuilaumu mashine.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana rahisi ni ghali. Bei ya mashine ni ile ya siku ya kununua, pamoja na vipuri, igawanywe kwa miaka utakayoitumia. Tuchukue mfano. Mashine moja inauzwa shilingi 30,000, haina vipuri, na inakufa kila mwaka. Katika miaka mitano utakuwa umetoa 150,000. Nyingine ni shilingi 70,000, inadumu miaka mitano, na visu vyake vya 15,000 vinabadilishwa mara mbili. Hiyo ni jumla ya 100,000. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo iliyokuwa rahisi. Kwa mashine za wavu na za duara, watengenezaji wengi hushauri visu vibadilishwe kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwa hiyo usiulize bei ya mashine tu. Muulize muuzaji, "Visu vyake unavyo? Bei gani?" Akianza kukuna kichwa, rudisha fedha zako mfukoni.

Jambo la tatu ni umeme. Geuza mashine au chaja yake usome maandishi madogo. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Palipoandikwa 100-240V hapana wasiwasi. Palipoandikwa 110V au 120V peke yake, kama zilivyo nyingine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, ukichomeka moja kwa moja utasikia harufu ya kuungua kabla hujapaka sabuni. Uliza pia kama mashine inafanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani, kwa maana nyingine hufanya kazi kwa betri tu, na betri ikichoka na mashine imekwisha. Kwa aliye kijijini anayetumia umeme wa jua, ile inayochajiwa kwa waya wa simu inafaa zaidi.

Ukishainunua, itunze. Kila ukimaliza kunyoa kung'uta nywele kwa brashi yake, ila usiusugue wavu, kwani ni mwembamba na ukitoboka utakukwaruza. Ile ya meno itiwe tone moja au mawili ya mafuta mepesi, na haya ya cherehani yanafaa. Usiioshe kwa maji mpaka maelezo yake yawe yamesema inaoshwa.

Na la mwisho ni zito kuliko yote. Mashine ya ndevu si ya ukoo mzima. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa haina wembe ulio wazi basi haina hatari. Si kweli. Nayo hukwaruza, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho hubaki katika visu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na kuchangia vifaa vyenye damu ni njia mojawapo ya kuambukizana. Baba awe na yake, na kijana aliyeanza kuota ndevu awe na yake. Mashine mbili za meno za bei ya kawaida ndani ya nyumba ni bora kuliko moja ya fahari inayozunguka kutoka shavu hadi shavu.

Basi, mpenzi msikilizaji, kabla hujalipa, tazama kwanza ndevu zako, kisha uliza visu, kisha soma volti. Picha ya kwenye boksi itazame mwisho kabisa. Hadi juma lijalo, kwaherini.