Sabuni ya Nazi na Elimu ya Vipimo

Neno alkali, ambalo wanafunzi wa sekondari hulikuta katika vitabu vya kemia, asili yake ni Kiarabu: al-qali, jivu la mimea lililotumika zamani kutengenezea sabuni. Leo mahali pa jivu pameshikwa na soda kostiki, yaani haidroksaidi ya sodiamu. Basi mama anayetengeneza sabuni ya nazi na binti anayejiandaa kwa mtihani wanashughulika na jambo moja.

Mafuta ya nazi ni muungano wa gliserini moja na asidi tatu za mafuta, zilizofungamana kwa vifundo viitwavyo esta. Katika kila kifundo imo kaboni ambayo oksijeni zilizo ubavuni mwake huzivuta elektroni zake, ikabaki na upungufu. Ioni ya haidroksaidi, yenye chaji hasi, huiendea kaboni hiyo na kushikamana nayo; kisha kifundo cha awali hukatika. Gliserini hutoka, na asidi ikiungana na sodiamu huwa sabuni. Vifundo ni vitatu, hivyo kila molekuli ya mafuta hudai haidroksaidi tatu: si mbili, wala si nne.

Hapo ndipo penye kipimo. Kilo moja ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183 za soda halisi. Ikizidi, ziada husalia ndani ya sabuni na kuunguza ngozi. Ikipungua kidogo, husalia mafuta ya kuilainisha. Kwa hiyo ni salama kupunguza asilimia 5, zikawa gramu 174 hivi. Kikombe na kijiko havitoshi. Ipimwe kwa mizani.

Tena tutahadhari. Soda ndiyo itiwayo katika maji baridi, kidogo kidogo. Maji yasimiminwe juu ya soda, yatachemka na kuruka. Sufuria ya alumini isitumike, kwani soda huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Macho na mikono ikingwe. Kopo lisiwekwe karibu na sukari, bali lifungiwe mbali na watoto. Ikimrukia mtu, avuliwe nguo iliyolowa, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, bila siki wala ndimu, kisha apelekwe hospitalini. Aliyeimeza asitapishwe, akimbizwe kwa daktari.

Basi binti na ampigie mama hesabu, na mama amfundishe binti kukoroga. Elimu ya darasani ikifika jikoni, huwa hifadhi ya macho na ngozi za watoto wetu, inshallah.