Kutoka Kaye ya Mwalimu Mmoja hadi Darasa la Mwingine

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa mwaka wa kwanza katika shule moja ya msingi huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mwalimu wa darasa amefika kabla ya watoto. Alikuwa akiandika ubaoni, kwa chaki, hadithi fupi aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu vitabu vya kusoma vilikuwa vichache kuliko madawati. Nikamwuliza kama wenzake nao wanaitumia hadithi ile. Akacheka.

"Yote iko mu kaye yangu, mwanangu. Siku nitaenda pansiyo, itaenda na miye."

Kaye ile nimeisoma. Ndani yake mna vitendawili, michezo ya kuhesabu, michoro ya wanyama na mazoezi ya silabi yaliyokusanywa kwa miaka mingi. Katika chumba cha jirani, mwalimu kijana alikuwa akihangaika kutunga upya mazoezi yale yale. Tangu siku hiyo najiuliza swali ambalo naona linakihusu sana kitivo cha lugha: zana ya kufundishia hutokaje katika kaye ya mwalimu mmoja na kufika katika darasa la mwingine? Makala haya yanaeleza nilichojifunza nilipojaribu.

Kwa nini jambo hili ni letu

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Utekelezaji wake ulianza Septemba 2019, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada wakaingia darasani. Mwalimu aliyekuwa na darasa kubwa akajikuta na darasa kubwa zaidi, na zana zile zile.

Lugha nayo imo. Katiba hiyo inazitambua lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inayosimamia elimu ya taifa, inazitaja lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia na kujifunzia. Kwa hiyo mwalimu wa mwaka wa kwanza anahitaji kitu cha kusomesha katika lugha ambayo mtoto anaielewa. Vitabu vingi anavyovipata madukani ni vya Kifaransa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na fundi wa mashine peke yake. Linamhitaji mtu aliyesoma lugha.

Mahali pa kutafuta

Sisi wanafunzi tukisikia neno "zana" tunakimbilia simu. Mimi nashauri kuanza karibu.

Mahali pa kwanza ni kaye za walimu wenyewe. Zana zilizomo zimekwisha kujaribiwa, tena kwa watoto wa hapa. Kikao cha walimu wa shule moja, kile kinachoitwa cellule de base, kingekuwa soko zuri la kuzibadilishana, kama kila mmoja angekuja na somo moja lililomfanikia.

Mahali pa pili ni mazingira ya shule. Vifuniko vya chupa hufaa kwa kuhesabu na kuunda maneno. Kartoni za sabuni hukatwa kuwa kadi. Gunia la mchele likifuliwa na kunyooshwa huwa bango la alfabeti ambalo halichaniki haraka kama karatasi, na uji mzito wa unga wa muhogo ni gundi.

Mahali pa tatu ni redio. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo kwa watoto katika kipindi cha Okapi École. Somo la redio lina udhaifu mmoja: likipita limepita. Mwalimu anayeandika muhtasari wake anapata zana. Anayesikiliza tu anabaki na kumbukumbu.

Mahali pa nne ni maktaba za wazi kwenye intaneti. African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa mwaka 2015, inafanya kazi kama hiyo. Hadithi hupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao, jambo muhimu kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo.

Kazi ya lugha

Hapa ndipo nilipokosea. Nilipakua hadithi ya Kiswahili iliyoandikwa Kenya, nikaipiga chapa na kuvuka nayo mto nikijiona nimemaliza kazi. Katika mstari wa pili mtu alikuwa akipanda matatu. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Matatu ya nini, mwalimu?" Alikuwa na haki. Kwake yeye hilo ni neno la kuhesabia. Anajua mayai matatu na maembe matatu, lakini hajawahi kuona gari linaloitwa hivyo. Mbele kidogo watu walikula sukuma wiki, na darasa zima likataka kujua nani anaisukuma wiki na kuipeleka wapi.

Hadithi ilikuwa nzuri na Kiswahili chake ni sanifu. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma kwanza kwa masikio ya mtoto wa Kisangani. Tulipobadili matatu kuwa toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, na sukuma wiki kuwa sombe, watoto waliifuata hadi mwisho.

Jambo la pili ni kwamba mji wetu una Kiswahili na Kilingala katika barabara moja, na Kifaransa kinangoja shuleni. Siku nyingine tuliunda neno "moto" kwa vifuniko, kisha mwalimu akauliza maana yake. Mtoto mmoja akaonyesha jiko la mama anayeuza mikate nje ya uwanja. Wa pili akamshika bega mwenzake, kwa kuwa kwa Kilingala moto ni mtu. Wa tatu akaonyesha pikipiki iliyokuwa ikipita. Kilingala kina neno lake la moto unaowaka, lenye irabu zilizo wazi zaidi na toni tofauti, lakini katika maandishi ya kawaida maneno hayo mawili hufanana. Mwalimu asiyeonywa anaweza kumhesabia kosa mtoto aliyesoma sawasawa.

Tahadhari ya tatu inahusu herufi. Mtoto anayejifunza "ch" ya chai na chumvi atakutana nayo katika neno la Kifaransa "chat", ambako inatamkwa kama "sh" yetu. Herufi "u" ya kuku siyo "u" ya "lune". Zana nzuri ya kusoma inamwambia mwalimu mapema ni herufi zipi zitamsumbua mtoto atakapoingia Kifaransa. Mambo haya tunayasoma katika fonetiki na isimu linganishi, tunayafanyia mtihani, kisha tunayaacha chuoni.

Haki ya mwenye kazi

Kupata kitu bure hakumaanishi kuwa hakina mwenyewe. Hadithi za maktaba nilizozitaja hutolewa kwa leseni za Creative Commons, na inafaa kusoma alama zake. Yenye alama BY peke yake inaruhusu kunakili, kutafsiri na kubadili, mradi umtaje mwandishi, mchoraji na mfasiri, na useme ulichobadili. Ikiongezwa NC, hairuhusu biashara. Ikiongezwa ND, hairuhusu kusambaza tafsiri wala toleo lililobadilishwa. Kwa hiyo matatu haiwezi kugeuzwa toleka. Kitabu cha dukani hakina ruhusa hizo, na kukitoa fotokopi kizima ni kumnyima mwandishi jasho lake.

Kaye ya mwalimu nayo ina mwenyewe. Nilipoomba kunakili mazoezi ya mwalimu wa Lubunga, nilitaraji aulize malipo. Aliuliza kama jina lake litaandikwa. Nikamjibu litaandikwa juu ya kila fishi.

Kuandika fishi

Fishi ni ukurasa mmoja ambao mwalimu mwingine anaweza kuutumia bila kumpigia simu aliyeuandika. Hicho ndicho kipimo changu. Yangu ya kwanza ilianguka. Ilisema tu: "Wagawe watoto katika makundi, wape vifuniko, waunde maneno." Mwalimu wa chumba cha jirani aliifuata kama ilivyo, na nusu ya darasa ikakaa mikono mitupu. Sikuwa nimeandika vifuniko vingapi. Tuliiandika upya hivi:

Lengo: kusoma maneno ya silabi mbili au tatu. Darasa: mwaka wa kwanza. Muda: dakika 30.

Vifaa: kwa kila kundi la watoto sita, vifuniko 16. Andika silabi ma, ka, ku, ta, ti, ko, mo, to, kila moja kwenye vifuniko viwili.

Hatua: soma silabi pamoja na darasa, unda neno "mama" mbele yao, kila kundi liunde maneno yake na kuyasoma kwa sauti. Yanawezekana mama, kuku, kata, koti, moto, kamata.

Tahadhari ya lugha: "moto" lina maana nyingine kwa Kilingala, na nyingine kwa Kifaransa. Pokea zote, kisha eleza.

Chanzo: jina la mwalimu aliyebuni, na jina la aliyebadili.

Chini huachwa mistari mitupu, ili anayeitumia aandike kilichofanikiwa na kilichoshindikana.

Kuipitisha fishi

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1924, Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliingiza darasani mashine ndogo ya kupiga chapa. Watoto walichapa maandishi yao, na baadaye wakabadilishana karatasi na watoto wa Trégunc, upande wa bahari ya Brittany. Kinachonivutia ni kwamba karatasi zilienda na kurudi. Kila upande ulikuwa na wasomaji wasiowajua, ukalazimika kuandika kwa uwazi.

Sisi tunaweza kuanza na njia mbili. Simu hupokea picha ya fishi. Ni rahisi, lakini picha hupotea kati ya salamu na matangazo, na kuna walimu wasio na simu ya aina hiyo. Kwa hiyo tuwe pia na sanduku la kartoni katika ofisi ya direkta wa shule, fishi zikipangwa kwa mwaka na kwa somo. Karatasi haihitaji umeme.

Chuo kikuu chetu kilianza mwaka 1963, na katika mageuzi ya 1971 Kisangani ndiyo iliyopewa kitivo cha saikolojia na elimu. Wenzetu wa kitivo hicho wanajua namna mtoto anavyojifunza. Sisi tunajua lugha anayojifunzia. Napendekeza kila mwanafunzi wetu anayekwenda kwenye mazoezi arudi na fishi moja iliyotoka katika kaye ya mwalimu, iliyojaribiwa na mwalimu wa pili, na yenye tahadhari ya lugha. Mhadhiri anaweza kuisahihisha kama anavyosahihisha kazi nyingine.

Fishi ya vifuniko imekwisha kuvuka mto mara mbili. Mwalimu mmoja wa Mangobo aliitumia, akaandika chini kwamba silabi "ki" na "li" zikiongezwa watoto wanapata kiti na kuli, na kwamba watoto wanane kwa kundi ni wengi mno. Niliipeleka Lubunga. Mwalimu wangu aliisoma taratibu, akatafuta biki, akafungua kaye yake na kunakili mistari ile miwili.