Kibaba Kilichofika Düsseldorf

Mwezi Mei mwaka 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, binti mzaliwa wa Nairobi alipanda jukwaani kuiwakilisha Norwe katika shindano la nyimbo la Eurovision. Jina lake ni Stella Mwangi, na wimbo wake uliitwa "Haba Haba". Alihamia Norwe na jamaa zake mwaka 1991 akiwa mtoto mdogo. Shindano hilo lilianza mwaka 1956, lakini ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikika humo wimbo wenye Kiswahili.

Hakufua dafu. Katika nusu fainali ya nchi 19 alipata alama 30, akawa wa 17. Hata hivyo, ndugu walimu na wanafunzi wa Kwale, si alama hizo zilizonifanya nishike kalamu.

Huku kwetu Diani, wimbo unaotuwakilisha mbele ya wageni, wakiwemo Wajerumani wengi, ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982. Bendi hiyo ilipiga muziki katika hoteli za pwani, na wimbo ulikusudiwa kumkaribisha mtalii. Kazi hiyo umeifanya vyema, wala siubezi. Ila Kiswahili chake kimenyolewa. Ni nani Msambweni amwamkiaye jirani kwa "jambo" tupu? Sisi husema "hujambo", tukajibiwa "sijambo". Na aliyetuzidi umri tunampa shikamoo yake. Silabi ile iliyokatwa ndiyo yenye ukanushi, kwamba mtu hana jambo la kumsumbua. Ukiiondoa, umemwamkia mwenzio kwa kumtajia shida!

Wimbo wa Stella Mwangi nao una kasoro zake. Sehemu kubwa ni Kiingereza, na jina lenyewe limedondosha kiunganishi. Lakini kiitikio chake kimeegemea wosia wa bibi kwa mjukuu, ile methali ya haba na haba hujaza kibaba. Wanorwe waliouchagua mwezi Februari mwaka huo waliimba fikra ya Kiswahili, si salamu pekee. Kijana wa Diani anayekua akisikia lugha yake ikitumika kupokea mizigo na kuagiza vinywaji, huku mambo mazito yakijadiliwa kwa lugha nyingine, atajuaje kuwa nayo yaweza kubeba fikra?

Basi na tuanze na kibaba chenyewe. Ni kipimo cha nafaka; vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtoto wa Ukunda anayetumwa dukani leo hurudi na paketi ya unga ya kilo mbili, kwa hiyo methali huikariri bila kukiona chombo kinachojazwa. Mwalimu na akiazime kwa mzee yeyote aliyekihifadhi, akiweke mezani, wanafunzi wakijaze mchele konzi kwa konzi huku wakihesabu.